Kila Tumbo na Kanuni Yake

Kila Idi Kubwa inapokaribia, miji yetu ya pwani hujaa mbuzi. Utawaona Kongowea wakivutwa kwa kamba, utawaona wamepakiwa juu ya magari yatokayo Mariakani na Tana River, na usiku utawasikia wakilia katika nyua za nyumba ambazo mwaka mzima hazikufuga hata kuku. Mwenye nyumba amenunua udhia wake mapema kabla bei haijapanda, na sasa ana mgeni mwenye pembe wa siku nne au tano.

Na mgeni, kwetu sisi, hufanyiwa karamu. Asubuhi mbuzi huletewa kiporo cha wali pamoja na ukoko. Mchana hupewa mkate wa jana. Jioni bwana mwenye nyumba akirudi kazini humwekea bakuli zima la unga wa mahindi, apate kunenepa kidogo kabla ya siku yake. Mbuzi hula vyote, tena kwa pupa, na watoto hufurahi. Siku ya pili hali kitu. Amesimama pembeni, tumbo limejaa kama kiriba, anasaga meno, na kinyesi chake ni maji matupu. Siku ya tatu amelala ubavu, macho yamezama, hanyanyuki. Huenda akafa usiku ule ule wa kuamkia Idi.

Hapo ndipo maneno huanza. Huyu husema ni jicho la hasidi, yule husema muuzaji aliuza mnyama mgonjwa. Hasara ni kubwa kwa vyovyote, kwa kuwa aliyekufa kibudu haliwi, seuze kuwa udhia. Lakini katika maneno yote hayo, aghalabu hakuna anayelishuku lile bakuli la unga.

Makusudio ya makala haya ni kulitia shuku bakuli hilo. Sisi watu wa mijini twadhani tumbo ni tumbo: kinachomshibisha binadamu kitamshibisha mbuzi, na kinachomfaa mbuzi kitamfaa punda. Sivyo. Mola amewaumba wanyama hawa kila mmoja na tumbo lake, na kila tumbo lina kanuni yake. Mwenye kufuga bila ya kuijua kanuni hiyo aweza kuua kwa ukarimu, kama vile mwingine auavyo kwa ubakhili.

CHUNGU KISICHOPOA

Akina mama wanaoosha matumbo siku ya Idi wanayajua mambo haya kuliko wengi waliosoma, kwa sababu wameyashika kwa mikono yao. Kwanza kuna lile tumbo kubwa ambalo ndani yake ni kama taulo. Pili ni kifuko chenye vyumba vyumba mfano wa sega la nyuki. Tatu ni lile fundo lenye kurasa nyembamba zilizopangana kama za kitabu. Nne ni lile tumbo laini lenye utelezi, linaloungana na utumbo. Ng'ombe, mbuzi na kondoo, wote wameumbwa na sehemu hizo nne.

Sehemu ya nne ndiyo inayofanana na tumbo letu wanadamu. Hutoa tindikali na kuyeyusha chakula. Ajabu iko katika ile ya kwanza. Kwa ng'ombe mkubwa, sehemu hiyo huchukua lita 100 hadi 200, yaani yaweza kukaribia pipa zima la mafuta. Ndani yake mna giza, majimaji, na joto la nyuzi 39 hivi, lisilopoa usiku wala mchana. Humo huishi vijidudu visivyo na idadi. Kijiko kimoja cha chai cha majimaji hayo huwa na mabilioni. Baadhi yao wakubwa kidogo waliwahi kuonekana kwa darubini mwaka 1843 na wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi Ufaransa, Gruby na Delafond.

Vijidudu hao ndio wapishi. Hapana ng'ombe awezaye kuyeyusha nyuzi za majani kwa nguvu za mwili wake mwenyewe, kama vile mimi na wewe tusivyoweza. Mpishi yeyote wa mkate wa kumimina atalifahamu jambo hili upesi. Ukikoroga unga wako na tui, ukatia hamira na kufunika, baada ya muda utaukuta umeumuka na unatoa povu. Si wewe uliyeuumua, ni hamira. Basi tumbo la kwanza la mbuzi ni bakuli la namna hiyo, ila haliepuliwi. Majani huingia, vijidudu huyachachua, na katika kuchacha huko hupatikana tindikali nyepesi, mojawapo ni ile ile iliyomo katika siki. Tindikali hizo hupenya kuta za tumbo na kuingia katika damu, na hizo ndizo nguvu za mnyama. Gesi nayo hutoka kwa kucheua na kubeua, mamia ya lita kwa siku kwa ng'ombe mmoja.

Kisha huja sehemu ya pili ya hikima hiyo. Vijidudu wenyewe husukumwa pamoja na chakula mpaka tumbo la nne, na huko huyeyushwa kama nyama. Kwa hivyo ng'ombe huwalisha vijidudu majani makavu, kisha naye akawala vijidudu, na ndivyo bua lisilo na thamani linavyogeuka mnofu na maziwa. Qurani Tukufu, katika Surat An-Nahl, inatutaka tupate mazingatio katika maziwa safi yatokayo matumboni mwa wanyama, baina ya kinyesi na damu. Mwenye kulifungua tumbo la mbuzi na kulitazama kwa makini hatahitaji maelezo mengi.

Ndama na kitoto cha mbuzi hawazaliwi wakiwa na chungu hicho tayari. Tumbo lao la kwanza huwa dogo na halina kazi. Wanyonyapo, hujikunja mfereji mdogo unaoyavusha maziwa moja kwa moja hadi tumbo la nne. Kwa wiki za mwanzo, basi, ndama ni kama sisi, mwenye tumbo moja. Huyu ukimpa majani matupu badala ya maziwa atakonda na kufa, ijapokuwa mama yake hunawiri kwa majani hayo hayo.

Na kucheua je? Watu humwona ng'ombe amelala kivulini akitafunatafuna, wakamdhania mvivu. Kazi hiyo humchukua saa sita hadi nane kwa siku, na katika muda huo humeza mate mengi mno, lita 100 na zaidi kwa siku nzima. Mate hayo yana chumvi ya jamii ya magadi, na magadi hukata ukali wa tindikali. Chungu kinachochacha bila kikomo kingejiunguza chenyewe lau si mate hayo. Kucheua, kwa hivyo, ni kumeza dawa.

KWA NINI WALI HUUA

Sasa turudi kwa yule mbuzi wa Idi. Wali, unga na mkate ni wanga mtupu. Havina nyuzi za kumfanya acheue, na asipocheua hapati mate ya kutosha, wala magadi yake. Wakati huo huo, vijidudu wachache waliokuwamo wanaopenda wanga hukuta sherehe. Huzaana kwa saa chache na kumwaga tindikali kali ya aina ile inayogandisha maziwa ya mtindi. Tindikali hiyo huwaua wale wapishi wa majani. Kisha huvuta maji kutoka kwenye damu yaingie tumboni, ndiyo sababu macho huzama na kinyesi kikawa maji. Mwisho huingia katika damu yenyewe. Mnyama huyo hakufa kwa jicho wala kwa uchawi. Tumbo lake lilimchachia.

Haina maana kwamba nafaka ni sumu kwa mbuzi. Wafugaji wanaonenepesha wanyama kwa biashara huwapa nafaka kila siku na hawafi. Tofauti ni kwamba wao huanza na kiganja kimoja, wakaongeza kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili au tatu, huku majani yakibaki kuwa ndiyo chakula cha asili. Katika muda huo jamii ya vijidudu hubadilika, wakaongezeka wale wanaoila tindikali mpya. Mbuzi wa siku nne hana muda huo. Huyo mpe majani aliyoyazoea alikotoka, matawi ya miti, nyasi kavu, maji safi na kivuli. Uzito ulioununua ndio utakaouchinja.

Ikiwa amekwisha kuuvamia unga, uondoe mara moja, mwekee nyasi kavu, na umwite daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, kwa kuwa saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Hali kadhalika, ukiona ubavu wa kushoto umevimba na ukiupiga unalia kama ngoma, jua gesi imeshindwa kutoka. Jambo hili huwapata sana wanyama wenye njaa walioachiwa majani mabichi ya jamii ya kunde yenye umande. Povu hujaa tumboni likaizuia gesi kubeuka, nalo tumbo likayabana mapafu. Hapo hakuna kungoja kesho.

Balaa jingine la wanyama wa mitaani ni takataka zetu. Ile sehemu ya pili, yenye umbo la sega, hunasa vitu vizito kama misumari na vipande vya waya, nayo imepakana na moyo. Msumari ukitoboa, hufika pabaya. Mifuko ya plastiki nayo haichachi wala haicheuliwi. Hubaki tumboni ikijisokota pamoja mwaka baada ya mwaka, hata mnyama akafa kwa njaa na tumbo limejaa. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tarehe 28 Agosti 2017, na mitaa yetu ilipata nafuu. Lakini karatasi za nailoni za kufungia vitu bado zaruka na upepo, na mbuzi hanusi sheria.

WANAOCHEUA SI WAMOJA

Hata hao wenye kucheua si wamoja. Ng'ombe huzungusha ulimi kwenye nyasi ndefu akazivuta kama mkata makuti. Kondoo huinamisha kichwa na kukata nyasi fupi karibu na ardhi. Mbuzi hutazama juu. Mdomo wake wa juu ni mwepesi kama vidole, huchagua jani hili na kuliacha lile, husimama kwa miguu ya nyuma kulifikia tawi, na mate yake huweza kuhimili ukakasi wa majani ya miti kuliko ya ng'ombe. Ndiyo sababu mbuzi huishi kwenye vichaka vya bara ya Kilifi na Kwale ambako ng'ombe hukonda.

Kondoo naye ana siri yake. Madini ya shaba, ambayo ng'ombe huyahitaji na kuyavumilia, kwa kondoo hujilimbikiza katika ini mpaka siku moja yakamwagika kwenye damu na kumuua ghafula. Kwa hivyo chumvi ya madini iliyotengenezewa ng'ombe, au chakula cha kuku, asipewe kondoo kwa sababu tu kimebaki kwenye gunia.

Na ngamia? Surat Al-Ghashiya yawauliza watu kwa nini hawamtazami ngamia jinsi alivyoumbwa. Ukimtazama ndani, utaona anacheua kama ng'ombe, lakini tumbo lake lina sehemu tatu, si nne. Wengi wetu tuliambiwa utotoni kwamba nundu yake ni mtungi wa maji. La, nundu ni mafuta, akiba ya siku za njaa. Maji huyahifadhi kwa njia nyingine: mkojo wake ni mchache na mzito, kinyesi chake ni kikavu, naye akifika kisimani baada ya kiu ya siku nyingi hunywa zaidi ya lita 100 kwa dakika chache bila ya kudhurika. Yeye huhitaji chumvi nyingi kuliko wanyama wengine wa kufugwa, na wafugaji wa Tana River na Garissa hulijua jambo hilo, huwapeleka ngamia wao penye mimea na udongo wa chumvi. Chumvi hiyo kwa kuku ni mauti, kama tutakavyoona.

PUNDA NA MZIGO WAKE

Tuje Lamu na visiwa jirani, ambako punda ndiye gari, ndiye hamali, na mara nyingi ndiye riziki ya nyumba nzima. Wazee walisema heri punda afe mzigo wa bwana ufike. Msemo huo una ukali wake, lakini hesabu yake si nzuri, kwa kuwa punda akifa leo, mzigo wa kesho hauna wa kuubeba.

Punda hula nyasi kama ng'ombe, lakini hacheui. Tumbo lake ni moja, tena dogo. La farasi huchukua lita 8 hadi 15 tu, na la punda ni dogo zaidi. Chungu chake cha kuchachulia kiko nyuma, kwenye utumbo mpana, baada ya chakula kwisha kupita tumboni na kwenye utumbo mwembamba. Vijidudu huko humpatia nguvu zitokazo katika nyuzi za majani, ila wao wenyewe hawapati kuyeyushwa, hutoka na samadi. Ushahidi uko njiani kwa kila mtu kuuona. Samadi ya ng'ombe ni laini, hata watu huikandika kwenye sakafu. Ya punda ni madonge yaliyojaa vipande vya majani. Ng'ombe amesaga mara mbili, punda mara moja.

Kutokana na umbile hilo hutoka kanuni tatu. Ya kwanza ni kwamba punda ameumbwa ale kidogo kidogo kwa saa nyingi. Asili yake ni punda-mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki ya Afrika, ambako majani ni machache na mnyama hutembea akidonoa mchana na usiku. Kumfunga tangu alfajiri hadi magharibi bila ya jani, kisha akamwagiwa gunia zima la pumba, ni kumtafutia msokoto wa tumbo. Na punda hawezi kutapika. Mlango wa juu wa tumbo lake hufunga sawasawa, na kilichoingia hakina njia ya kurudi. Akiwa na maumivu hapigi kelele. Huinamisha kichwa, husimama kimya, akakataa kula. Mwenye punda akiona kimya hicho asiseme mnyama amechoka.

Ya pili, nyasi kavu ndizo zinazomfaa. Punda huwezesha mwili wake kwa chakula duni kuliko farasi, na akizidishiwa nafaka na vitamu huumwa kwato hata asiweze kukanyaga. Anayempenda punda wake na ampe nyasi safi, maji ya kutosha na chumvi ya kulamba, na mahali pa kulia pasiwe mchanga mtupu, kwa sababu mchanga humezwa pamoja na majani ukatuama katika utumbo.

Ya tatu ni nzito. Vyakula vya kuku vya viwandani, na baadhi ya vyakula vya ng'ombe, hutiwa dawa za jamii ya monensini, ambazo kwa kuku huzuia ugonjwa wa kuharisha damu. Kuku hazimdhuru zikiwa kwa kiasi chake. Kwa punda na farasi, kiasi kidogo tu huuharibu moyo na kuua. Gunia la chakula cha kuku lililoachwa wazi karibu na punda ni hatari kuliko nyoka.

Mwaka 1987 shirika la Kiingereza linalohudumia punda lilifungua kliniki mjini Lamu, ambako punda walitibiwa bila ya malipo. Hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini daktari humwona punda kwa saa moja. Mwenyewe humwona kila siku, na ndiye ajuaye alichokula jana.

MENO YA KUKU

Kuku hana meno, na sote twalijua hilo. Lakini husaga. Punje humezwa nzima, hukaa kwanza katika gole shingoni, huloweka, kisha hupita kwenye kijitumbo cha tindikali na kuingia katika firigisi. Ile firigisi ambayo watoto huigombania kwenye sinia ni kinu chenye misuli minene, na mawe yake ni changarawe alizodonoa kuku mwenyewe. Kuku anayefungiwa bandani na kulishwa nafaka nzima bila ya changarawe ni kama mama aliyepewa mtama bila ya mchi.

Safari yote hiyo huchukua saa chache tu, na kuku hana chungu kikubwa cha kuchachulia majani. Kwa hivyo hawezi kuishi kwa nyasi kama mbuzi. Yeye huhitaji nafaka, wadudu, na vyakula vyenye protini. Hapa pwani tuna neema ya machicha ya nazi yanayobaki kila siku jikoni; yafaa kwa kuku na kwa mbuzi pia, yakiwa mabichi na ya siku hiyo, si yaliyoota ukungu. Mashudu ya nazi, yaliyokwisha kukamuliwa mafuta, yana protini ya kiasi cha sehemu moja katika tano, na ni lishe nzuri ya ng'ombe wa maziwa.

Kuku atagaye ana dai jingine. Ganda la yai, zaidi ya asilimia 90 yake, ni madini ya jamii ya chokaa, na kila yai hubeba gramu mbili hivi za kalisi itokayo mwilini mwake. Asipoipata chakulani huitoa mifupani, na mayai yakaanza kuwa na maganda laini. Dawa iko ufukweni: makombe ya chaza yaliyooshwa chumvi, yakapondwa vizuri na kuwekwa katika chombo chao peke yake. Kuku mwenyewe atajua ale mangapi. Ama ng'onda na mabaki ya samaki wa chumvi asipewe, kwa kuwa chumvi nyingi humuua kuku haraka. Hapo ndipo unapoona maajabu ya maumbile. Kinachomponya ngamia humzika kuku.

JANI MOJA, HUKUMU MBILI

Iwapo bado kuna mwenye shaka kwamba tumbo ndilo hakimu, na aitazame mihogo. Majani na maganda ya muhogo yana kitu ambacho, yakikatwa au kupondwa, hutoa sumu ya sianidi, na muhogo mchungu umezidi. Mbuzi na ng'ombe hudhurika upesi kuliko punda. Sababu ni ule ule wema wa chungu chao: majimaji ya tumbo la kwanza na vijidudu wake huifungua sumu ikatoka yote kwa mara moja, ilhali tindikali kali katika tumbo moja huichelewesha. Katika Ramadhani, nyumba nyingi zinapomenya mihogo ya futari, maganda hutupwa uani kwa mbuzi mwenye njaa. Salama ni kuyakatakata na kuyaanika juani siku kadhaa mpaka yakauke sawasawa, ndipo apewe, tena kidogo kidogo. Mbuzi akianza kuhema kwa nguvu na kutetemeka baada ya kula muhogo mbichi, zinahesabiwa dakika, si siku.

Mlusina nao hutoa hukumu nyingine. Mti huu umepandwa sehemu nyingi za pwani kwa ajili ya lishe na kuni, na majani yake yana protini nyingi. Lakini yana pia sumu iitwayo mimosini. Punda akiyazoea hunyonyoka manyoya ya shingo na ya mkia, na kuku na sungura nao hudhurika. Ng'ombe pia, wa nchi nyingine, walikuwa wakipukutika manyoya na kudhoofu. Raymond Jones, mtaalamu wa Australia, aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii huyala majani hayo na hawapatwi na kitu. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 vijidudu kutoka matumboni mwa wanyama wa huko walipelekwa Australia wakatiwa katika matumbo ya ng'ombe, na ng'ombe hao wakaweza kula mlusina bila ya madhara. Kijidudu mwenyewe alipewa jina la kitaalamu lenye kumkumbuka Jones mwaka 1992. Mnyama ni yule yule, jani ni lile lile. Kilichobadilika ni mpangaji wa tumboni. Kwa mfugaji wetu funzo ni jepesi: mlusina mchanganye na majani mengine, usizidi thuluthi ya chakula cha ng'ombe au mbuzi, na punda usimpe.

AMANA ISIYOSEMA

Wanazuoni wa zamani hawakuliona somo la wanyama kuwa dogo. Al-Jahidh wa Basra aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama katika karne ya 9, na Ad-Damiri wa Misri, aliyefariki mwaka 1405, alikusanya habari zao kwa mpango wa herufi. Ni elimu iliyokaa madrasani pamoja na fikihi. Na katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume (S.A.W.) aliingia katika bustani ya mtu wa Ansari, ngamia akamwona akatokwa na machozi. Mtume alimpangusa, kisha akamjulisha mwenyewe kwamba mnyama yule amemshitaki kwa kumtia njaa na kumchosha.

Njaa aliyoshitakia ngamia yule ilikuwa ya kunyimwa. Zama zetu zimeleta njaa nyingine, ya mnyama aliyejazwa kisichokuwa chake: mbuzi aliyeshiba wali, punda aliyeshiba chakula cha kuku, ng'ombe aliyeshiba nailoni. Hawa hawana ulimi wa kushitaki. Wamo mikononi mwetu kama amana, na amana hailindwi kwa moyo mwema peke yake. Yataka na kujua.

Basi mwaka huu, ndugu msomaji, udhia wako ukifika uani, muulize aliyekuuzia alikuwa akila nini, na umlishe hicho hicho. Kiporo wape kuku, na wao kidogo. Nakuaga kwa ubeti huu mmoja:

Tumbo la mbuzi ni chungu, kinachochacha daima,
Punda apewe mafungu, majani makavu mema,
Kuku jiwe ndilo rungu, la kupondea mtama,
Alivyopima Muungu, nasi tupime lazima.